Anayeuza saa na anayeuza siku: miadi iwekwe mapema kiasi gani?

Swali: Dada, shikamoo. Kila nikimpigia msusi wangu naambiwa amejaa, nijaribu baada ya siku 10 au zaidi. Kwa fundi wa kucha ni hivyo hivyo, na mama aliyekuwa akinikanda mgongo sasa simpati kabisa. Niliamua kuweka miadi ya mbali, miezi miwili mbele, lakini siku ikifika nakuta nimebanwa na kazi, nafuta, halafu naona aibu kurudi. Juu ya hayo, baada ya miezi 7 nafunga ndoa na sijamshika hata mtu mmoja. Miadi inatakiwa kuwekwa mapema kiasi gani? Naogopa kuharakisha bure, na naogopa kuwa nimeshachelewa.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Nianze na lile la haraka. Kwa harusi ya miezi 7 ijayo kuna watu watatu unaotakiwa kuwapigia leo: mpiga picha, mshereheshaji na mpambaji wa bibi harusi. Wengine wengi bado una muda nao, na baadhi yao ukiwawekea miadi sasa utajifunga pasipo sababu. Piga hizo simu tatu, kisha urudi tuendelee kwa utulivu.

Nimekaa miaka mingi na daftari la miadi mkononi, kwanza kama msusi, baadaye kama msimamizi wa saluni yenye mafundi kadhaa. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba watu wanaotuhudumia hawauzi kitu cha aina moja. Wapo wanaouza saa, na wapo wanaouza siku. Msusi, kinyozi, fundi wa kucha, mkandaji na mwalimu wa mazoezi huuza saa. Siku yao moja hugawanywa kwa watu watano, wanane, hata kumi na wawili, na mmoja akiahirisha pengo hufunguka mwingine akaingia. Mpiga picha wa harusi, mshereheshaji, na mpambaji anayekufuata ulipo tangu alfajiri, hawa huuza siku nzima. Jumamosi ya tarehe fulani wanayo moja tu. Akishaichukua bibi harusi mwingine, imekwenda, na hata ukimbembeleza vipi hawezi kukuchomeka katikati.

Ndiyo sababu kwa muuza saa tunahesabu wiki, na kwa muuza siku tunahesabu miezi, kuanzia 6 hadi 12, na zaidi ya hapo ikiwa ndoa iko katika msimu wa harusi. Mshonaji wa nguo hakai sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo. Yeye huuza kazi ya mikono iliyopangwa foleni mezani, ikiwa na siku mbili au tatu za kujaribisha nguo katikati, kwa hiyo cha kumuuliza ni siku atakayoanza kukata kitambaa. Siku ya kuchukua nguo hutokana na hiyo. Kwa nguo ya harusi mpe miezi 4 hadi 6, na umwombe siku ya mwisho ya kujaribisha iwe wiki 2 au 3 kabla ya shughuli, maana mwili hubadilika na marekebisho nayo yanataka muda.

Sasa kuhusu msusi wako. Wateja wengi wakiambiwa “nimejaa” mara tatu mfululizo huanza kuhisi wanakwepwa. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa hisia hiyo, nami nimekuwa upande wa pili wa simu, najua inavyouma kumkosa mtu unayempenda. Kuna hesabu ya foleni ambayo natamani kila mteja angeijua. Ilianza kwa mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha andiko lake la kwanza juu ya jambo hili mwaka 1909. Shida yake ilikuwa kujua laini ngapi za simu zinatosha ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi. Hesabu zilizokua kutokana na kazi yake zinakaa vizuri kabisa kwenye kiti cha saluni.

Mchukue fundi mmoja anayefanya kazi peke yake, wateja wakimjia bila mpangilio na kazi zao zikitofautiana urefu. Kama ana shughuli nusu ya muda wake, mteja anayeingia husubiri kwa wastani muda wa kazi 1. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, mteja husubiri muda wa kazi 4. Kwenye asilimia 90 husubiri muda wa kazi 9, na kwenye asilimia 95, kazi 19. Zitazame tena namba hizo. Kati ya 80 na 95 fundi ameongeza wateja wachache tu, lakini kusubiri kumeongezeka zaidi ya mara nne. Msusi wako hajabadilika tabia wala hajakuchoka. Amefika sehemu ile ambayo mteja mmoja wa nyongeza anasukuma foleni nzima, na daftari la miadi halifanyi kitu zaidi ya kuihamisha foleni hiyo kutoka kwenye benchi la kusubiria na kuipeleka kwenye kalenda. Siku zako 10 zinatoka hapo.

Hesabu hiyo hiyo inakupa njia ya kutokea. Mafundi wawili wanaogawana foleni moja hupunguza kusubiri kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mmoja akikwama kwenye kazi ndefu mwenzake anaendelea kupokea. Kwa hiyo kwa kazi nyepesi, kama kuosha na kukausha, kupunguza ncha, au kupaka rangi ya kucha ya kawaida, mwambie wa kaunta, “Yeyote aliye wazi.” Yule fundi wako mmoja mtunze kwa zile kazi ambazo mkono wake kweli hauna mbadala.

Nije kwenye saa ya mwili, maana hapo ndipo jibu la miadi ya kila mara lilipo. Mtu anayeuliza aweke mapema kiasi gani mara nyingi huwa anaangalia kalenda ya fundi, wakati angeanza kuangalia kichwa chake na vidole vyake. Nywele za kichwani huota sentimita 1 na kidogo kwa mwezi. Mkato mfupi wenye umbo hupoteza umbo hilo kwa tofauti ndogo hivyo, kwa hiyo mwenye nywele fupi zilizochongwa atamhitaji kinyozi baada ya wiki 3 au 4. Mwenye nywele ndefu anayepunguza ncha tu anaweza kukaa wiki 8 hadi 12. Rangi ya nywele huanza kuachia mstari shinani kati ya wiki 4 na 6. Dawa ya kunyoosha nywele isirudiwe kabla ya wiki 8, na ikirudiwa ipakwe kwenye sehemu iliyoota tu, maana kuipitisha tena juu ya nywele zilizokwisha kuwekewa dawa ndiko kunakozikata. Rasta na misuko mingine ya kuongezea nywele haifai kukaa zaidi ya wiki 6 hadi 8. Baada ya hapo nywele zilizodondoka hujikusanya na kufungana kwenye shina, na kufumua kunageuka vita.

Kucha za mikono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Jeli na akriliki zinaonyesha pengo kwenye shina la ukucha baada ya wiki 2 au 3, na kwa akriliki pengo hilo si suala la sura pekee: ukucha mrefu wa bandia hupoteza mhimili wake na ukigongwa huvunja hadi ukucha wa asili. Kucha za miguu huota kwa takriban nusu ya mwendo huo, ndiyo maana mtu anayeweka miadi ya mikono na miguu kwa pamoja kila mara anatumia pesa za miguu kabla ya wakati. Nyusi, wiki 3 au 4. Kope za kubandika, wiki 2 au 3, kwa kuwa kope za asili hudondoka zenyewe na kuondoka na zile zilizobandikwa juu yake. Kuondoa vinyweleo kwa nta kunataka vinyweleo viwe vimefika kama milimita 5, vinginevyo nta haishiki, na hilo humpeleka mtu kwenye wiki 4 hadi 6.

Kwa kazi zote za namna hiyo ninayo kanuni moja tu, nami nimewafundisha wasichana wote waliopita mikononi mwangu waiseme kwa wateja: usiinuke kitini bila tarehe ijayo. Fundi bado ameshika kazi yake, anaona nywele zako zikoje, anajua alitumia saa ngapi, na kalenda ya wiki 3 mbele bado ina nafasi. Ukisubiri mpaka kucha zianze kukukera ndipo upige simu, umeipiga ikiwa imebaki siku 2 huku fundi akiwa na foleni ya siku 10. Siku 8 zinazobaki unazikaa na kucha mbovu. Ugomvi wako wote na simu umo humo.

Lakini weka tarehe moja tu, ile inayofuata. Kwa fundi mwenye foleni ndefu kweli unaweza kuweka mbili. Hapa ndipo ulipoteleza ulipokimbilia miezi miwili, na wala huna sababu ya kuona aibu, kwa sababu kosa hilo limo ndani yetu sote. Mwaka 2005 watafiti Gal Zauberman na John Lynch walionyesha kwamba watu huamini watakuwa na muda mwingi zaidi baadaye kuliko walio nao leo, na imani hiyo ni kubwa kwa muda kuliko ilivyo kwa pesa. Wiki hii tunaiona imejaa kwa sababu tunayajua yaliyomo. Wiki ya miezi miwili ijayo tunaiona tupu kwa sababu bado hayajaandikwa. Ikifika, nayo imejaa kama hii.

Kwa hiyo kabla ya kukubali tarehe ya mbali jiulize: miadi hii ingekuwa Alhamisi ya wiki hii, saa hiyo hiyo, ningekwenda? Kama jibu ni hapana, usiichukue, hata kalenda yako ionekane nyeupe kiasi gani. Tafuta saa ambayo maisha yako huifungua kila wiki bila kulazimishwa. Kwa wengine ni asubuhi na mapema kabla ya kazi, kwa wengine ni Jumatano jioni. Fundi akikubali, ishike saa hiyo iwe yako. Kwa mwalimu wa mazoezi, mwalimu wa muziki au mshauri nasaha hakuna njia nyingine ninayoipendekeza zaidi ya hiyo, maana kazi yao huzaa matunda kwa kurudiwa, na saa inayohamahama kila wiki huishia kupotea.

Masaji ni tofauti kidogo, na nimelitafakari swali lako la mama wa mgongo. Misuli haioti kama kucha. Haina tarehe ya kuisha. Ukienda kwa ajili ya kupumzika, miadi ya wiki 1 au 2 mbele inatosha. Ukienda kwa ajili ya maumivu yanayojirudia, mwambie hivyo, mpange mara chache zilizo karibukaribu kisha mzitanue, na maumivu yakishuka mguuni, yakileta ganzi, au yakija na homa, anayetakiwa kuyaona kwanza ni daktari. Kama mama huyo hapatikani kabisa, mwachie majina ya siku mbili au tatu ambazo huwa uko wazi, umwombe akuweke kwenye orodha ya kusubiri. Kisha simu yake ikilia, ipokee. Orodha ya kusubiri humpendelea anayejibu ndani ya dakika 5. Nimewahi kufuta majina ya watu wema kabisa kwa sababu tu walijibu usiku wakati nafasi ilikuwa ya saa nane mchana.

Kuna jambo jingine wateja hawaliulizi: fundi huyu hufungua kalenda yake lini? Wengine hufungua mwezi mzima siku moja, na ukipiga simu siku mbili baadaye umekuta mabaki. Wengine huacha makusudi sehemu ya kila siku bila kuiweka miadi. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, Mark Murray na Catherine Tantau walifanya hivyo kwenye kliniki za Kaiser Permanente, wakiacha sehemu kubwa ya siku wazi kwa watakaopiga simu siku ile ile, na kusubiri kukapungua sana. Moja ya sababu ni kwamba miadi ya karibu haivunjwi kama miadi ya mbali: kadiri siku zinavyokuwa nyingi kati ya kuweka na kufika, ndivyo wasiotokea wanavyoongezeka. Kwa fundi wa namna hiyo, kuweka mapema hakukusaidii. Simu ya asubuhi kabla hajafungua mlango itakusaidia.

Na ukipewa kuchagua saa, chagua ya kwanza ya siku, au ya kwanza baada ya mapumziko ya mchana. Mtakwimu Norman Bailey alipochunguza foleni za wagonjwa wa nje hospitalini na kuandika juu yake mwaka 1952, alionyesha jinsi mpango wa miadi unavyogawa kusubiri kati ya mganga na wagonjwa, na kwamba kusubiri hujilimbikiza kadiri kikao kinavyosonga. Mteja wa kwanza akichelewa dakika 20, wa sita analipa deni la wote waliomtangulia.

Haya, tuingie kwenye ndoa yako. Hapa hesabu inageuka: unaanzia siku ya shughuli na kurudi nyuma, na kwa kila huduma unauliza mambo mawili. Matokeo yake yanadumu muda gani? Na yakiharibika, yanahitaji muda gani kurekebishwa? Hilo la pili ndilo watu husahau, nalo ndilo linaloliza watu.

Mpambaji ukishampata leo, panga naye siku ya jaribio kati ya wiki 4 na 8 kabla ya harusi. Lisiwe mapema zaidi, kwa sababu ngozi na nywele zako bado zitabadilika. Lisiwe wiki ya mwisho, kwa sababu usipoyapenda matokeo hutakuwa na pa kukimbilia. Siku hiyo ya jaribio itumie yote: kaa na mapambo usoni kwa muda wa saa 8 au zaidi, upigwe picha ndani na nje, uone yanavyoshuka.

Ngozi ya uso ndiyo inayotaka subira kuliko vyote. Tabaka lake la juu hujibadilisha lote kwa takriban wiki 4 kwa kijana, na polepole zaidi umri ukisogea, kwa hiyo matibabu ya chunusi au madoa yasiyoanza miezi 3 au 4 kabla hayatakuwa yameonyesha kitu. Mtafute mtaalamu wa ngozi mwezi huu. Huduma yoyote ya uso ambayo hujawahi kuifanya isikukute ndani ya mwezi wa mwisho. Kuondoa tabaka la ngozi kwa tindikali, hata ile nyepesi, huacha uso ukibabuka kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima. Bibi harusi mmoja alinijia akiwa na siku 2 tu, ametoka kufanyiwa hivyo mahali pengine kwa sababu ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo. Mpambaji alihangaika asubuhi yote na ngozi inayoinuka chini ya poda. Nafasi kuwa wazi si sababu ya kuichukua.

Rangi ya nywele ina miadi ndani ya miadi. Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi na za kahawia iliyokolea, zina kemikali iitwayo PPD, na mzio wake hauji papo hapo. Hujitokeza baada ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo kipimo cha mzio, ambacho ni tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, hufanywa angalau saa 48 kabla ya kupaka rangi yenyewe. Mtu aliyewahi kupaka miaka 5 bila shida naye apimwe, maana mzio huu unaweza kuanza wakati wowote. Gundi ya kope za kubandika nayo ipimwe hivyo hivyo. Fundi akikwambia hana muda wa kipimo, tafuta mwingine. Hili sina namna ya kulisema kwa upole. Rangi yenyewe ipake wiki 1 au 2 kabla ya harusi. Kama unatumia dawa ya kunyoosha, anza na dawa, uipe wiki 2 kabla ya kugusa rangi. Hesabu hizo zikijumlishwa utaona kwamba msusi wako anatakiwa kukuandika mara mbili au tatu katika mwezi wa mwisho, na tarehe hizo uzichukue miezi 2 au 3 kabla. Ile ya siku yenyewe, au ya kusuka, ichukue hata leo kama naye anakufuata ulipo, kwa kuwa siku hiyo amekuwa muuza siku.

Ukiamua kusuka, suka siku 3 au 4 kabla, kichwa kipate kutulia. Na msuko usiume. Vipele kwenye mstari wa nywele na maumivu ya kukunyima usingizi ni dalili kwamba nywele zinavutwa, na kuvutwa huko kukirudiwa kunaweza kuondoa nywele za pembeni zisirudi tena.

Meno yaonwe na daktari miezi 3 kabla, kwa sababu akikuta jino bovu utahitaji kurudi. Kung'arisha kumalizike wiki 2 kabla, kwani meno huwa mepesi kuhisi baridi na joto siku kadhaa baada yake. Vinyweleo viondolewe kwa nta siku 2 hadi 4 kabla, na isiwe mara yako ya kwanza; jaribu mwezi uliotangulia uone ngozi inavyopokea. Ukitumia krimu za retinoli, zile za vitamini A, ziache kama wiki moja kabla ya nta, la sivyo ngozi inaweza kung'oka pamoja na vinyweleo. Anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi asiguse nta kabisa mpaka kama miezi 6 ipite tangu alipoacha, na mweleze fundi hata kama hajauliza. Masaji iwe siku 2 au 3 kabla, mkono mwepesi. Kukandwa kwa nguvu siku ya mkesha kunaweza kukuamsha na mwili unaouma. Kucha, siku 1 au 2 kabla. Hizo ndizo za mwisho.

Nimebakisha simu yenyewe, maana hata ukipiga kwa wakati unaweza kuharibu kwa unachosema. Eleza kazi yote. “Nataka kusuka” haimsaidii msusi. Mwambie una msuko wa zamani unaohitaji kufumuliwa, nywele zako zina urefu gani, unataka rasta nyembamba au nene, na umekuja na nywele zako au unazikuta kwake. Rasta nyembamba ndefu zinaweza kula saa 5 hadi 8, na mteja aliyetengewa muda wa saa 3 kwa kazi ya muda wa saa 7 ameharibu siku ya watu watatu waliokuwa nyuma yake. Mpe pia nafasi ya kukusaidia. “Siku yoyote kati ya Jumanne na Alhamisi kabla ya saa sita” hupata jibu haraka kuliko “Ijumaa saa kumi na moja jioni”, saa ambayo watu 15 wengine wameitaja kabla yako.

Kabla hujakata simu uliza kuhusu arbuni: ni kiasi gani, inarudishwa lini, na mwisho wa kuahirisha ni saa ngapi kabla. Wengi huweka saa 24 au 48. Usione arbuni kama fundi hakuamini. Anayeuza saa hana ghala. Saa nane mchana ya leo ikipita bila mteja haiuzwi kesho.

Hapo ndipo nataka nikuondolee ile aibu yako. Kufuta miadi siku 3 kabla hakumuumizi mtu. Fundi anaifungua orodha, anampigia anayesubiri, kiti kinakaliwa. Kinachoumiza ni ujumbe wa saa moja kabla, na kinachoumiza zaidi ni ukimya. Kwa hiyo jiwekee ukumbusho siku 3 kabla ya kila miadi, na siku hiyo amua: nakwenda au ninamwachia mwingine. Ukiona huwezi, tuma ujumbe mfupi bila hadithi ndefu, na ndani ya ujumbe huo huo omba tarehe nyingine. Nimepokea mamia ya jumbe kama hizo na sikumbuki hata mmoja ulionifanya nimchukie mteja. Niliowakosa ni wale walioona haya wakapotea.

Msusi wako mpigie kesho asubuhi kabla hajaanza kazi. Mwambie ulifuta mara ya mwisho na unasikitika, mtajie tarehe ya ndoa hata kama mtindo hujauchagua, kisha uchukue nafasi yake ya kwanza iliyo wazi, hiyo ya siku 10. Ukifika, kabla hujainuka, mwombe ile ya baada yake. Fundi wa kucha vivyo hivyo, kwa wiki 3. Mshonaji umfuate ndani ya mwezi huu ukiwa na kitambaa au angalau picha. Daktari wa meno na hizo kazi za wiki ya mwisho ziandike kwenye kalenda yako kama siku za kupiga simu, miezi 2 au 3 kabla ya kila moja, na mpaka siku hizo zifike, usizibebe kichwani.